Taa Iliyoota Wimbi

Nyinyi mnaokausha taa za gari kwa mashine ya saluni, ile ya kupuliza nywele, kaeni chini niwaambie kitu. Sina ubaya na hiyo mashine. Inapuliza vizuri. Lakini mnapuliza taa saa nzima, mnaikausha kama kichwa cha bibi harusi, mnairudisha kwa gari, halafu Jumanne mvua inanyesha na ukungu umerudi ndani pale pale. Mwenye gari anakuja amekunja uso, na nyinyi mnamwambia anunue taa nzima. Huo si ufundi. Huo ni uvivu uliovaa ovaroli.

Naitwa Nasimiyu. Kwetu hilo ni jina la mtoto aliyezaliwa kiangazi, na labda ndiyo sababu nimegombana na maji maisha yangu yote. Nilizaliwa Myanga, nikaolewa Kitale, na sasa nimezeekea Ndalu, mimi na mahindi yangu na kuku wangu na goti moja linalojua mvua kabla ya redio. Shule niliachia darasa la nne. Haya naandika kwa mkono wangu kwa kitabu cha mazoezi, kwa hivyo mkiona herufi imepinda, nyamazeni. Miaka zaidi ya ishirini nilitengeneza taa za magari pale Kitale, nyuma ya msikiti, na mpaka leo wako watu wakinikuta sokoni wananiita Mama Taa. Benchi langu sasa liko na mjukuu wangu Naliaka. Yeye ndiye alinipigia simu akasema, "Kukhu, andika. Nimechoka kuwaeleza hawa vijana kitu kimoja kila siku." Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nikamwambia sawa, lakini nitaandika vile ninavyoongea.

Mimi niliingia gereji na birika. Si na spana. Mume wangu alikuwa amekufa, mwanangu Wafula alikuwa bado anavaa kaptura, na mafundi walikuwa wanahitaji chai. Mwenye gereji alikuwa Mzee Swaleh, mtu mfupi, mweupe wa kofia na mweusi wa vidole, ambaye babu yake alikuja Kitale wakati wa reli na hakurudi tena alikotoka. Alikuwa anasema "Bismillahi" kabla ya kugusa gari lolote, hata la mtu asiyemlipa salamu. Na alikuwa mkaidi. Ukimwambia jua limetoka, anatoka kwanza kuangalia.

Pale kwake kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona gereji nyingine. Saa nne chai ikiiva, kikombe cha kwanza hakikuwa cha mwenye gereji wala cha mkubwa kwa umri. Kilikuwa cha fundi ambaye kazi yake imetoka vizuri asubuhi hiyo, na Mzee Swaleh ndiye alikuwa anamtaja. Wengine walifuata. Siku ambayo hakuna kazi nzuri, alikinywa yeye mwenyewe, akituangalia kama watu waliomuibia. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hanywi, lakini saa nne alikuja vilevile, akakaa kando ya birika, akataja jina, akaondoka. Mimi niliyepika nilikunywa mwisho kabisa, ile ya chini yenye majani. Nilikunywa hiyo ya majani miaka mitatu. Msinihurumie. Nilikuwa naangalia.

Nikaona kwamba mafundi hawapendi taa. Wanapenda injini. Injini ina kelele, fundi anainama ndani yake kama mtu anayezaa dunia. Taa ni kazi ya kuparuza mikono. Nyuma ya taa pale kwa boneti ni padogo, na Wekhesa, ambaye alikuwa fundi mkubwa wa pili, alikuwa na mikono kama majembe. Siku moja balbu ilimwangukia huko ndani akakaa nusu saa akitukana. Nikaweka vikombe chini, nikaingiza mkono wangu, nikaitoa.

"Aha," Wekhesa akasema, "kumbe mkono wa kukanda mandazi uko na kazi ingine."

Alisema kwa mzaha, lakini kutoka siku hiyo kila balbu ilikuwa yangu. Halafu waya. Halafu siku moja Mzee Swaleh akaniwekea taa nzima kwa benchi akasema nisisite, nifungue. Hivyo ndivyo nilianza. Chai bado nilipika.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapotea. Magari ya zamani taa zilikuwa za kioo kizito, zimefungwa kabisa kama chupa ya soda. Maji yakiingia, ni kwa sababu kioo kimepasuka, unatoa unatupa. Halafu yakaja haya magari madogo kutoka Japani, taa zake ni plastiki, kubwa, zimepinda kama jicho la paka. Na hizi hazikufungwa kama chupa. Lakini hakuna mtu alituambia. Tulikuwa tunazitibu kama zile za kioo. Ni kama kumchunga bata ukifikiri ni kuku, unashangaa kwa nini ameingia mtoni.

Dawa ya Mzee Swaleh ilikuwa drili. Gari ikija na maji ndani ya taa, anatoboa tundu moja chini, maji yanatoka, anasema "Alhamdulillahi," mwenye gari anaenda akifurahi. Halafu anachukua gundi nyeusi anapaka kila mahali anapoona kama pana nafasi. Kwa watu wa mjini ambao barabara yao ni lami, wengine walipona. Kwa watu wa vumbi, lile tundu likawa mlango. Vumbi linaingia, mvua inaingia, taa inajaa matope mpaka ungepanda sukuma wiki humo.

Kupanda. Ngoja nieleze hiyo, maana nikikaa kimya Naliaka atawaambia mwenyewe na ataongeza chumvi.

Mama yangu kule Myanga alikuwa anatengeneza kimea. Kama hujui, kimea ni wimbi, yaani ulezi, iliyolowekwa ikaota, ndiyo inatiwa kwa busaa, pombe yetu. Nimelala utoto wangu wote kando ya gunia la kimea. Na kitu nilichojua ni kwamba wimbi kavu inakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari. Basi siku moja pasta fulani, mtu wa huku upande wa Ndalu, akaleta gari yake, taa moja ina ukungu. Nikafikiria. Nikasema, kwa nini nitoboe gari ya mtumishi wa Mungu? Nikachukua konzi ya wimbi kavu, nikatia ndani ya soksi ya Wafula, nikafunga fundo, nikaisukuma nyuma ya taa mahali pa balbu ya pembeni. Nikamwambia pasta arudi baada ya siku tatu niitoe.

Nilikuwa najisikia mwerevu sana. Ukungu uliisha siku hiyo hiyo.

Pasta akaenda mkutano wa injili, akakaa wiki mbili. Na ile soksi ilikuwa imetoboka kidole, hiyo sikuangalia. Wimbi ikamwagika ndani ya taa, imeshiba maji, inapata joto la balbu kila jioni na jua la Mungu kila mchana. Ikaota. Si kidogo. Ikatoa majani ya kijani, yakasimama ndani ya taa kama shamba la kuonyeshwa kwa maonyesho ya kilimo. Pasta hakuona, nani anaangalia taa ya gari yake mwenyewe? Waliona waumini, Jumapili, nje ya kanisa. Na alikuweko mzee mmoja aliyeokoka kutoka kwa ulevi, akainama, akanusa, akasimama pole pole akasema, "Pasta, hii ni kimea."

Mtu amehubiri dhidi ya busaa miaka kumi, na gari yake inanuka kilabu.

Alikuja gereji Jumatatu akiwa hata salamu hana. Wekhesa alipoona ile taa aliketi chini kwa mafuta. Alicheka mpaka akashika mti. Akasema sasa Kitale imepata fundi wa kilimo, akauliza kama taa ya kulia tunavuna mwezi gani. Watu wa magereji mengine walikuja kuangalia. Mtu alitoka Endebess na baiskeli kuja kuona taa iliyoota wimbi, naapa.

Mzee Swaleh hakucheka. Alilipa taa nyingine ya pasta kutoka mfukoni mwake, akaifunga mwenyewe, akaniita kando ya benchi.

"Mama Wafula," akasema, "hii gereji ni jina langu. Baba yangu aliniachia jina, hakuniachia kitu kingine. Watu wakisikia Swaleh sasa wanacheka."

Nikamwambia pole.

"Nitakupa taa moja tena. Moja. Ikirudi hapa na ukungu, utarudi kwa birika, na bisibisi yangu hutaigusa tena mpaka nife. Na nikifa nitawaambia wanangu."

Wekhesa akasikia, wote wakasikia. Nikasema sawa. Usiku, la, mambo ya usiku niyaache, mnajua mtu asiye na usingizi anafanya nini. Niseme tu kwamba kwa birika nilikuwa naweza kulisha Wafula. Shida haikuwa chakula. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshaonja kazi ambayo kichwa changu kinapenda, na mtu akishaonja hiyo, kurudi nyuma ni kama kurudi kwa tumbo la mama. Hakutoshi.

Hiyo taa moja ilikuja Alhamisi, na ilikuja na Sista Chebet.

Sista Chebet alikuwa mkunga wa Endebess, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi kwa sababu maneno yake yote aliyamaliza akiwaambia wanawake wasukume. Alikuwa na gari ndogo nyeupe aliyokuwa akipandisha nayo mpaka karibu na msitu, kuwachukua wamama ambao hawawezi kutembea. Kule juu, mkijua Mlima Elgon, saa tisa mchana wingu linashuka linakaa kwa barabara kama ng'ombe. Bila taa huoni hata pua ya gari. Na taa zake zote mbili zilikuwa zimejaa matone. Moja ilikuwa na matope kwa chini. Mzee Swaleh alikuwa amezitoboa mwaka uliopita.

"Mmenitoboa," akasema, "na sasa naona kama mtu aliyefunikwa na chandarua. Wiki jana nimeingia kwa mtaro na mama ana uchungu kwa kiti cha nyuma. Mtoto alizaliwa mtaroni. Alikuwa mzima, lakini mimi nimezeeka siku hiyo."

Mzee Swaleh akaangalia chini. Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ndiye atatengeneza."

Sista akaniangalia kutoka leso mpaka miguu. "Si ni yule wa wimbi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Basi usipande kitu," akasema, akaenda kukaa kwa kivuli.

Nilizitoa taa zote mbili. Sasa andikeni hii mahali. Kwanza unatoa balbu na ile raba ya nyuma, unaweka taa kwa gunia, kioo juu, mgongo chini, kwa jua la asubuhi baada ya umande kuisha. Kitale jua ni lako mpaka saa saba tu, baada ya hapo mlima unatuma mvua. Ndani hugusi na kidole, ile fedha inayong'aa ukiigusa alama yako itabaki hapo kama alama ya ndui. Matope unasuuza na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, unatikisa, unamwaga, unarudia. Usitie petroli. Mimi nilitia petroli mara moja kwa taa ya mwalimu mmoja, ikawa nyeupe kama jicho la mzee, na mwalimu akaniita mjinga kwa Kiingereza ambacho nilielewa.

Zikiwa juani nilienda kupika chai. Na hapo kwa jiko ndipo nilisimama nikaangalia sufuria. Mnajua ukifunika sufuria, mfuniko unatoka jasho kwa chini. Maji hayakutoka nje kuingia, ni mvuke wa humo humo haujapata njia. Lakini birika lina mdomo. Birika halitoki jasho kwa mfuniko kama sufuria, linapumua kwa mdomo wake. Nikajiuliza, hizi taa za Japani, mdomo wao uko wapi? Mtu aliyetengeneza kitu kizuri hivi hawezi kusahau mdomo.

Nikaacha maziwa yafurike. Wekhesa akapiga kelele kwamba chai inaungua. Nikamwambia aizime yeye.

Nilizigeuza taa nikazitafuta kwa vidole, pole pole, kama mtu anayetafuta kupe kwa sikio la ndama. Mgongoni, chini kabisa, kulikuwa na kipaipu cha raba kilichopinda, mdomo wake unaangalia chini ili mvua isiingie. Nikakikamua. Kigumu kama jiwe. Nikachukua kijiti cha ufagio nikachokoa, kukatoka udongo. Udongo mwekundu, mkavu, umepangwa vizuri, na ndani yake buibui wadogo wamekaushwa. Mnamjua nyigu yule mweusi, kiuno kama uzi, anayejenga kwa udongo kwa tundu za ukuta na kwa mdomo wa filimbi? Alikuwa amejenga nyumba yake kwa pua ya taa. Taa ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Huko Endebess nyigu wamejaa, na gari ya Sista ilikuwa inalala karibu na ukuta wa udongo wa zahanati.

Nikatafuta zaidi, nikapata kipaipu cha pili, juu. Hicho hakikuzibwa na nyigu. Kilikuwa kimezibwa na gundi nyeusi.

Nilikaa na kile kitu mkononi. Gundi nyeusi kwa hiyo gereji ilikuwa ya mtu mmoja. Nikiisema mbele ya watu, nimemwaibisha mzee wangu siku ileile jina lake linapouma. Nisipoiondoa, taa itarudi na ukungu na mimi nitarudi kwa birika. Nikainamisha kichwa, nikaichimbua na sindano ya kushonea magunia, kimya kimya. Nilipoinua macho, Mzee Swaleh alikuwa amesimama hapo.

"Hiyo nimeweka mimi," akasema.

"Najua."

"Nilifikiri ni mahali maji yanaingilia."

"Hata mimi ningefikiri hivyo."

Akatoa kofia, akajikuna, akairudisha. Halafu akaenda kwake akaleta karai la maji, akaliweka mbele yangu, kwa sababu alijua nitakachofanya baadaye. Huyo ndiye mtu aliyenifunza kazi. Wengine watawaambia mwalimu mzuri ni yule anayejua kila kitu. Mimi nasema ni yule anayekuletea karai.

Karai ni la nini? Unaziba tundu zote na matambara, unabakisha moja, unatia mpira, unapuliza kwa mdomo huku taa imezamishwa kidogo ukingoni, kama vile mtu wa baiskeli anatafuta pancha. Mapovu yakitoka kwa mshono, hapo ndipo maji yanaingilia. Taa moja ya Sista ilitoa mapovu kona moja. Nikapasha mchanga kwa sufuria, ule ule wa kukaangia njugu, nikautia kwa mfuko wa kitambaa, nikaulaza juu ya mshono mpaka ile gundi ya kiwanda ikalainika, nikaukandamiza, nikaongeza gundi mpya kidogo. Matundu ya drili nikayaziba. Kwa mdomo wa kila kipaipu nikafunga kipande cha chandarua kwa uzi, hewa ipite na nyigu asipite. Nikarudisha kila kitu. Sista akawasha, akazima, akasema atarudi baada ya mwezi mmoja, akaenda.

Huo mwezi mvua ilinyesha kama imeajiriwa.

Kila siku nilikuwa naangalia barabara ya Endebess. Wekhesa alikuwa amechora kikombe na mkaa ukutani kwa benchi langu, na chini yake birika, akasema nichague. Nilikuwa naogopa mpaka nikaanza kusahau chenji ya watu. Mzee Swaleh hakuniongelesha habari ya taa hata mara moja.

Sista alikuja siku ya soko, asubuhi, saa nne kasoro. Na kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, asiyeweza kupeleka gari chafu kwa fundi, alikuwa amesimama kwa kijito mlangoni mwa mji akaiosha yote kwa maji baridi. Gari ikaingia ikiwa safi, inang'aa. Mafundi wote wakaacha kazi. Mimi nikatembea mpaka mbele ya gari, nikaangalia.

Ukungu. Taa zote mbili, kwa ndani, kwa chini, mweupe kama pumzi ya mtoto kwa kioo.

Hata Wekhesa, hapo nampa haki yake, hakucheka mara moja. Akasema tu, "Ai, Mama Wafula," kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani amekufa.

Nilivua aproni ya gereji. Niliikunja vizuri, nikaiweka kwa benchi, nikaweka bisibisi ya Mzee Swaleh juu yake. Nikaenda kwa jiko. Saa nne ilikuwa imekaribia, na watu lazima wanywe chai.

Nikiwa nimewapa mgongo, nilisikia Sista akiuliza kwa nini tumenuna kama watu wa matanga. Wekhesa akamwonyesha. Sista akasema, "Hiyo? Hiyo huwa iko kila nikiosha gari, na asubuhi kukiwa na baridi. Nikifika kwa posho mill, pale wanasaga unga, haiko."

"Ukungu ni ukungu, Sista," Wekhesa akasema.

"Mwezi mzima sijaingia mtaroni."

Wakaanza kubishana. Wekhesa anasema agano ni agano. Sista anasema yeye ndiye anaendesha, si Wekhesa. Halafu sauti ya Mzee Swaleh, ya chini:

"Washa taa, Sista. Hakuna mtu ataongea."

Sikugeuka. Nilitia maji, nikatia maziwa, nikachochea moto. Nilikuwa nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nyuma yangu watu wazima sita wamechuchumaa mbele ya gari dogo jeupe kama wanaomngojea mgeni atoke ndani yake. Nilisikia mwadhini akikohoa msikitini. Nilisikia punda wa maji akipita. Chai ikapanda, nikaishusha, ikapanda tena.

Ndipo Wekhesa akasema, pole pole, "Inaenda."

Nikageuka. Ule ukungu ulikuwa unajikunja kutoka katikati, unarudi pembeni, kama umande unavyotoka kwa majani ya mahindi jua likipanda. Hakuna aliyeupuliza, hakuna aliyeupangusa. Taa ilikuwa inapumua. Kabla sijatoa birika kwa moto, zilikuwa safi zote mbili, unaona mpaka nyuzi za balbu.

Hapo ndipo nilielewa, na Mzee Swaleh akaelewa, na nyinyi mwelewe. Taa hizi si za kutokuwa na ukungu kamwe. Ukizimwagia maji baridi zikiwa na joto, lazima zitoe jasho, hata wewe ungetoa. Taa mgonjwa ni ile ambayo jasho lake haliondoki, linakusanyika linakuwa matone, linakuwa dimbwi. Taa nzima inatoka jasho, inapumua, inakauka yenyewe.

Mzee Swaleh alisimama, magoti yakalia. Akaja kwa jiko. Akanyang'anya birika mkononi mwangu, hakuomba. Akachukua kikombe chake mwenyewe, kile cha bati chenye ua la bluu, akakipangusa kwa shati lake safi la Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akamimina, akanipa kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema.

Hilo tu. Mama Wafula lilikwisha siku hiyo.

Nikanywa wa kwanza, miaka mitatu ya majani ya chini nikiwa nayo kooni. Halafu akamimina kwa wengine. Sista akanywa, akakunja nyusi. Wekhesa akanywa, akaangalia ndani ya kikombe, akaangalia birika, akaniangalia. Mzee Swaleh akanywa mwisho, mahali pangu, akalambalamba midomo.

"Hii chai," akasema, "haina majani."

Na kweli. Nilikuwa nimechemsha maji na maziwa na woga wangu, majani nimesahau kwa kikopo. Kikombe cha kwanza cha ufundi wangu kilikuwa cheupe kabisa. Walikunywa chote, wote, mpaka tone la mwisho, na kwa sababu hakukuwa na majani, wa mwisho naye akanywa safi.

"Kesho," Mzee Swaleh akasema, "atapika Wekhesa."

Na alipika. Ilikuwa mbaya sana. Alipika miaka minane, ikawa mbaya ile ile.

Sasa wote wawili wamelala, Mzee Swaleh Kitale na Wekhesa kwao Bungoma, na gereji imewekwa sakafu ya saruji. Naliaka ana mashine ya kupima waya inayolia kama kifaranga, na taa nyingine zinakuja hazina hata balbu ya kushika. Sawa. Dunia haiwezi kungojea goti langu. Lakini bado zina pua, na nyigu wa Endebess bado wanajenga, na kile kikombe cha ua la bluu kiko hapa kwangu kwa kabati, hakuna anayekinywea.

Kwa hivyo siku gari ikija kwenu asubuhi ina ukungu kwa taa, na mwenyewe amekunja uso, acheni bisibisi. Acheni mashine ya saluni. Mwambieni awashe taa akae chini. Nyinyi tieni birika motoni. Chai ikichemka, nendeni mkaangalie, na hapo mtajua kama ni mgonjwa au anapumua tu.

Na msisahau majani.